Wakala wa Akili Mnemba Mbele ya Makabati ya Yangambi
Na Mwana Boyoma

Wakala wa akili mnemba haoni kanzidata. Anachokiona ni orodha ya zana alizopewa: jina la kila zana, maelezo yake mafupi, na taarifa ambazo zana hiyo inataka ijaziwe. Ndivyo ilivyo katika MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli za akili mnemba na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Swali likifika, wakala husoma maelezo, huchagua zana, hujaza nafasi na kungoja jibu. Penye pengo katika maelezo hukisia, na jibu la kukisia hutoka kwa sauti ileile ya jibu la kweli.

Mkoa wa Tshopo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una sababu ya kulijali jambo hili. Hebaria ya Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, ina sampuli za mimea iliyokaushwa zipatazo 150,000, urithi ulioanza zama za INEAC, taasisi ya kilimo ya Wabelgiji iliyoundwa 1933. Chuo Kikuu cha Kisangani nacho kina Kituo cha Ufuatiliaji wa Bayoanuwai. Rekodi za aina hii zikiingizwa kwenye kompyuta na kufunguliwa kwa mawakala, aliyeandika maelezo ya zana ndiye atakayeamua kipi kionekane na kipi kifichike.

Chukua zana ya kubuni yenye maelezo haya: “Hutafuta data za mimea.” Sarufi haina kasoro, ila faida hakuna. Mtu akiuliza afrormosia, mti wa mbao, ilikusanywa wapi karibu na Kisangani kabla ya uhuru, wakala atatafuta jina lake la kisayansi la sasa, Pericopsis elata, pamoja na Kisangani, apate sifuri, kisha atangaze kwamba haikukusanywa kamwe. Kumbe lebo za wakati ule ziliandikwa Stanleyville, jina lililodumu hadi 1966, na mti wenyewe huenda umeandikwa Afrormosia elata, jina lake la kisayansi la zamani. Mkoa nao ni mtego: Orientale iligeuzwa Haut-Zaïre zama za Mobutu, ikarudishiwa jina lake 1997, ikagawanywa 2015 ndipo Tshopo ikawa mkoa. Na afrormosia si mti wa mzaha. Tangu 1992 imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo “hakuna rekodi” ni jibu linaloweza kuishia mezani pa anayeshughulikia vibali vya mbao.

Maelezo yanayofaa yangesema hivi: “Hurudisha rekodi za sampuli zilizokaushwa. Jina la mahali ni lile la kwenye lebo. Kwa Kisangani kabla ya 1966 tafuta pia Stanleyville. Jina la mmea halisawazishwi. Tafuta na majina ya zamani. Ombi moja huleta rekodi zisizozidi 300. Jumla soma katika nafasi ya idadi. Sifuri maana yake haikupatikana hapa, si kwamba mmea haupo. Usiitumie kwa vipimo vya miti hai.” Sentensi ya mwisho ni rahisi kusahaulika, nayo ndiyo inayomzuia wakala kubisha mlango usio wake.

Kupima maelezo hayo kwa kuyasoma tu hakutoshi. Hata kuiomba modeli nyingine iyape alama ni njia ya kutiliwa shaka, maana modeli hupenda maandishi yaliyopangika, yawe ya kweli au la. Kinachohitajika ni maswali ambayo majibu yake yanajulikana tayari, yaliyotungwa na watu wanaozishika sampuli kwa mikono yao, si na mtaalamu wa programu peke yake. Baadhi yawe ya mtego: yasiyohitaji zana yoyote, au yanayohitaji zana jirani. Kila swali huulizwa mara kadhaa, kwani modeli hubadili njia hata swali lisipobadilika. Kisha hukaguliwa mwendo mzima: zana gani iliitwa, nafasi zilijazwaje, maombi yalikuwa mangapi, tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma na kuandika) zilizotumika ni ngapi. Jibu sahihi lililopatikana kwa bahati baada ya maombi tisa bado ni dalili ya maelezo mabovu.

Urefu nao una bei. Maelezo ya zana zote kwa kawaida huingia katika kila mazungumzo, na zana 40 zenye aya tatu kila moja humchanganya wakala kabla hajaanza kazi. Kinachotangulia ni kile ambacho wakala hawezi kukikisia: majina ya zamani, mipaka, maana ya sifuri.

Marekebisho hufanywa moja moja, la sivyo haijulikani ni neno lipi lililoponya. Sehemu ya maswali hufichwa kwa mwandishi wa maelezo, asije akayaandika kwa kuufuata mtihani. Upimaji hurudiwa kila jedwali jipya linapoongezwa au modeli inapobadilishwa, kwa kuwa maelezo yaliyoiongoza vyema modeli moja yanaweza kuipoteza nyingine.