Alama za Kufaulu za Treni za Ottawa

Yako maneno ambayo hayakosi kusemwa kila mara chama chetu cha majadiliano kinapokutana: ya kuwa kitu kikiharibika kwetu sababu yake ni umaskini, na ya kuwa nchi tajiri hununua kilicho bora, basi hufanya kazi. Mimi sikubali. Nawaomba wasomaji tuitazame Kanada, nchi ambayo hakuna atakayeiita maskini, na hasa treni nyepesi za umeme ambazo miji yake imenunua katika miaka hii ya karibuni. Ni treni za mjini, zenye mabehewa marefu ya sakafu ya chini, nazo huchukua umeme katika waya ulio juu ya njia.

Mji mkuu wa Kanada ni Ottawa. Mwaka 2013 jiji lilipatana na kundi la makampuni liitwalo Rideau Transit Group lijenge njia ya kilometa 12 na nusu, yenye stesheni 13 na handaki chini ya katikati ya mji, kwa dola za Kanada zipatazo bilioni 2.1. Treni zenyewe zilitoka kwa Alstom, kampuni ya Ufaransa, ambayo tramu zake za Citadis hutembea katika miji mingi ya dunia. Mtu akisikia hivyo atadhani Ottawa walinunua kitu kilichokwisha jaribiwa. La. Citadis Spirit, ile waliyouziwa wao, ilikuwa ya namna mpya, iliyotengenezwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini, na Ottawa ndio wanunuzi wa kwanza. Tena, kwa kuwa ilitakiwa robo ya thamani yake itoke Kanada, mabehewa yaliunganishwa Ottawa kwenyewe, katika karakana iliyojengwa kwa ajili ya kuyatunza, wala si katika kiwanda cha siku nyingi. Treni mpya, karakana mpya na reli mpya, vyote vikajifunza kazi pamoja.

Njia ilitakiwa kuwa tayari mwaka 2018. Ikachelewa zaidi ya mwaka mmoja, na kila tarehe iliyotajwa ikapita. Ndipo ukafika mtihani, nao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kabla jiji halijapokea treni, ilikuwa sharti zitembezwe siku 12 kama vile zimebeba watu, na kila siku kupewa alama. Mtihani ulifanywa Julai na Agosti 2019. Kipimo walichoanza nacho kilikuwa wastani wa 98 kwa mia kwa siku zote 12. Treni hazikukifikia. Basi wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana, mtihani ukiwa umekwisha anza, kutumia kipimo kingine: 96 kwa mia, katika siku 9 tu kati ya zile 12. Ili nisiwadhulumu, niseme kwamba kipimo hiki cha pili kilikwisha andikwa mwaka 2017. Hawakukitunga siku ile. Lakini pia waliafikiana kwamba saa za watu wengi zitatembea treni 13, badala ya 15 zilizoagizwa.

Sisi tunaongoja mitihani ya taifa tunaielewa habari hii kuliko watu wengine wote. Mwalimu akiona karatasi zetu ni mbaya, kisha akashusha alama za kufaulu, na tena akaturuhusu tuchague karatasi tatu za kutupa, tutashangilia bwenini usiku kucha. Bali hesabu tusiyoijua Jumatatu hatutakuwa tumeijua Jumanne.

Baya zaidi ni kwamba madiwani, waliochaguliwa na wenye mji, hawakuambiwa kwamba kipimo kimebadilishwa. Baadaye serikali ya jimbo la Ontario iliunda Tume ya uchunguzi chini ya Jaji William Hourigan. Taarifa yake ilitoka Novemba 2022, ni kitabu cha kurasa zaidi ya 600, nayo inasema waziwazi kwamba kuwaficha madiwani mambo hayo kulivunja vibaya amana ya watu. Nimesoma sehemu zake katika kompyuta ya maktaba yetu, na naisifu nchi inayoandika aibu yake kwa urefu namna ile ili kila mtu asome.

Njia ilifunguliwa tarehe 14 Septemba 2019. Kwa majuma matatu mabasi ya zamani yaliendelea kwenda sambamba na treni, kisha tarehe 6 Oktoba yakaondolewa. Siku mbili hazikupita ila mlango mmoja wa treni ulikwama, na mlango mmoja ukikwama treni nzima husimama, na treni ikisimama zilizo nyuma yake nazo husimama. Watu wakajazana stesheni kama siku ya gulio. Yakaja majira ya theluji, na magurudumu yakapata bapa, na umeme ukasumbua. Tarehe 8 Agosti 2021 treni moja ilitoka katika reli kwa sababu ya beringi ya ekseli kuharibika. Tarehe 19 Septemba mwaka ule ule nyingine ikatoka, safari hii kwa sababu ya bolti ambazo hazikukazwa sawasawa baada ya matengenezo. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini njia ilifungwa siku 54. Hata Julai 2023, habari ya beringi ikarudi, ikafungwa tena karibu majuma manne.

Najua mtakalosema: ni baridi. Baridi ya Kanada ni kali, sibishi. Lakini Edmonton ni baridi kuliko Ottawa, na mji ule ulifungua njia yake ya treni nyepesi mwaka 1978. Walifanyaje? Walinunua treni za Kijerumani ziitwazo U2, ambazo tangu mwaka 1968 zilikuwa zikibeba watu wa Frankfurt. Makosa yake yalikwisha onekana na kutengenezwa mbele ya watu wengine. Calgary wakanunua treni zile zile, wakafungua njia yao mwaka 1981. Zilifanya kazi zaidi ya miaka 40 katika miji hiyo, na wala hazikuwa nzuri za kutazama. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na naona Ottawa walipenda kidonda.

Kusema kweli si kila mji unaweza kununua kilicho tayari. Reli za tramu za Toronto zina upana wa milimita 1,495, upana wake wenyewe, na kona zake ni kali mno. Kwa hiyo mwaka 2009, walipoagiza tramu 204 kwa kampuni ya Bombardier ya Kanada, ilikuwa lazima zibuniwe kwa ajili yao. Kiwanda cha Thunder Bay kilikuwa na mafundi wa miaka mingi. Taabu ni kwamba vipande vikubwa vilitengenezwa Mexico, na vilipofika havikuoana sawasawa. Tramu za kwanza zilianza kazi Agosti 2014. Ya mwisho ilifika Januari 2020, na katikati hapo ikatangazwa kwamba 67 zitarudishwa kuchomelewa upya. Hapa simlaumu mnunuzi kwa kutaka kitu kipya. Namlaumu muuzaji kwa kuahidi tarehe asizoziweza.

Metrolinx, idara ya uchukuzi ya jimbo lile lile, iliagiza treni 182 kwa Bombardier mwaka 2010. Ilipochoka kungoja ilitaka kuvunja mkataba, mahakama mwaka 2017 ikaizuia, basi ikapunguza idadi hadi 76 na kuagiza 61 kwa Alstom. Mwaka 2021 Alstom ikainunua kazi yote ya treni ya Bombardier! Aliyehama nyumba kumkimbia mwenye nyumba akamkuta amenunuliwa na yule aliyemhamia.

Nchi zetu nazo zimeanza kununua vitu vya namna hii. Tanzania imetembeza treni za umeme tangu 2024. Gazeti hili husomwa na wanafunzi wa zamani walio katika ofisi za zabuni, na wengine nasikia ni wakubwa huko. Nawaomba mtuandikie katika toleo lijalo: chombo kikubwa kinaponunuliwa kwenu, ni nani anayetunga mtihani wake, na je, alama zake zinabandikwa ukutani kama zetu?