Ushuru Usipande Bila Kura

Nimeshika kalamu kutoa maoni yangu kuhusu jambo linalowauma wengi hapa Ndanai, nalo ni ushuru wa soko.

Mama wa kabichi hulipa ushuru asubuhi, kabla hajauza hata kabichi moja. Mvua ikinyesha na wateja wakose, pesa hazirudi. Ndiyo maana nyongeza ambayo mwenye gari haioni, yeye humkata faida.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na si porojo. Mnamo Aprili 2014 Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Lakini kushirikishwa ndiko nini? Unaitwa mkutanoni, unasema "hapana", jina linaandikwa, basi unaenda zako. Ushuru bado waweza kupanda. Kura, kwa upande wake, huhesabiwa.

Tena mlango uko wazi. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaruhusu kura ya maoni kuhusu sheria za kaunti. Kasoro ni neno moja tu: kinasema kaunti "inaweza", hakisemi "lazima". Huko California, Marekani, wapiga kura wenyewe waliamua mwaka 1996 kwamba serikali za mitaa zisiongeze kodi bila idhini yao.

Rafiki yangu ananipinga, eti watu wakiulizwa watakataa kila kitu, na choo cha soko atakisafisha nani? Swali zuri hilo! Lakini wazee wetu wa Kipsigis walikuwa wakiketi kwenye kokwet na kukubaliana mambo mazito kuliko choo. Mtu akionyeshwa kazi ya pesa yake, hulipa.

Kura nayo ni ghali, sikatai. Kwa hivyo isipigwe kwa kila shilingi. Ipigwe nyongeza ikizidi, tuseme, asilimia kumi, na iwe ya siri (si mlolongo kama ule wa 1988, hapana!). Na kabla ya siku hiyo, kaunti ibandike langoni mwa soko hesabu ya ushuru wa mwaka uliopita, kwa Kiswahili na Kikipsigis, ili mama wa kabichi ajue anapigia nini kura.