Tetemeko la 2020 na kovu lililoachwa na Madagaska

USIKU wa Agosti 12, 2020, wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na hata Nairobi walihisi majumba yakitikisika. Tetemeko hilo la ukubwa wa karibu 6 lilianzia baharini, karibu na kisiwa cha Mafia. Wakenya wamezoea kuyahusisha matetemeko na Bonde la Ufa. Ni wachache wanaofahamu kwamba bahari yao nayo ina kovu.

Zamani Madagaska ilishikamana na Somalia, Kenya na Tanzania. Takriban miaka milioni 165 iliyopita ilianza kuhamia kusini, ikiteleza kandokando ya Afrika mithili ya mlango unaosukumwa pembeni. Njia hiyo ndiyo wanajiolojia huiita Ufa wa Davie.

Bara halipasuki kwa mstari ulionyooka. Hupasuka kwa vipande visivyolingana, navyo huunganishwa na nyufa ambamo pande mbili hupishana bila kuachana. Mwanzoni ni bara kwa bara. Kisha mawe yaliyoyeyuka hupanda katika mipasuko, yakaganda na kuwa sakafu mpya ya bahari, ambayo husukumwa ikipita ubavuni mwa bara. Hapo ndipo gamba la bara, lenye unene wa kilomita 30 hadi 40, hukabiliana na gamba la bahari, zito zaidi lakini lenye unene wa kilomita 7 hivi tu. Pwani za Ghana na Cote d'Ivoire ziliumbwa vivyo hivyo, na ni katika eneo hilo ambapo mafuta ya Jubilee yaligunduliwa 2007.

Safari ya Madagaska ilikoma yapata miaka milioni 120 iliyopita. Mbona basi ardhi ya huko ingali inatikisika? Wataalamu wengi hulitaja tawi la mashariki la Bonde la Ufa, ambalo linazidi kujinyoosha hadi baharini. Nguo kuukuu huraruka palipowahi kushonwa. Hata hivyo, wangali wanabishana kuhusu mahali hasa mpaka wa kale ulipopita, kwa kuwa umefunikwa na mashapo yenye kina cha kilomita kadhaa.

Ubishi huo si wa wasomi pekee. Tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyoua mtu mmoja nchini Kenya, ilitoka Sumatra, ambako bamba moja huzama chini ya jingine na kuinua maji. Ufa wa kuteleza ni nadra kufanya hivyo, lakini miteremko mikali ya chini ya bahari yaweza kuporomoka inapotikiswa. Wimbi la 2004 lilichukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, na mfumo wa tahadhari uliobuniwa baadaye unafaa zaidi panapokuwa na muda kama huo. Wimbi litokanalo na maporomoko ya karibu huenda likafika ufuoni kabla ya onyo lenyewe.