Kuotea: Tutazame Mguu wa Mpigaji

Wasomaji wangu, hakuna sheria ya mpira iletayo ugomvi mwingi kama ile ya kuotea. Jumamosi moja nilikuwa miongoni mwa watu waliomzomea mshika kibendera kwa kukaa kimya, ilhali mchezaji mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mabeki wetu wote. Mwenzake akafunga bao. Jioni niliisoma tena Sheria ya 11, nikaona haya. Yule mchezaji hakuugusa mpira wala hakumzuia mtu. Kibendera alikuwa amehukumu sawasawa.

Mchezaji huwa ameotea akiwa katika nusu ya wapinzani, karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Zamani alihesabiwa wa tatu. Tangu 1925 ni wa pili, na tangu 1990 aliye sambamba naye hakuotea. Walakini kipimo ni wakati mwenzake anapoupiga mpira, si wakati unapomfikia. Tena kusimama hapo tu si kosa, mpaka auingilie mchezo.

Hata wakubwa hubishana. Tarehe 10 Oktoba 2021, mjini Milan, Ufaransa ilicheza na Hispania fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya. Theo Hernández alipoupeleka mpira mbele, Kylian Mbappé alikuwa ameotea. Eric García wa Hispania alijinyosha kuuzuia, akaugusa, nao ukamfikia Mbappé, akafunga. Ufaransa ikashinda 2–1. Refa Anthony Taylor alilikubali bao kwa kuwa beki alihesabiwa kuucheza mpira kwa kusudi. Wengi waliona ni dhuluma, maana beki alikuwa akijiokoa tu. Basi Julai 2022 wenye kuweka sheria walifafanua kwamba kugusa peke yake hakutoshi. Yapasa beki awe aliweza kuutawala mpira, kwa kuutuliza, kumpa mwenzake au kuuondosha.

Ikiwa refa mwenye mitambo ya picha alilaumiwa, sembuse kibendera wetu, ambaye hana ila macho yake mawili? Husemwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini katika sheria hii yafaa aambiwe atazame wapi. Tuutazame kwanza mguu wa mpigaji, kisha aliyeotea amefanya nini. Baada ya hayo, mwenye kutaka kuzomea na azomee, kama bado ana sababu.