Mutoto Anataka Kujifunza Kulenga

Mama mumoja wa Likasi anatuandikia: «Mutoto wangu iko Marekani, anataka kuingia masomo ya kulenga shabaha. Nitamujibu nini? Huku kwetu bunduki ilituliza sana.»

Mama, woga wako tunauelewa. Lakini kulenga shabaha ni mchezo pia, uliingia Olimpiki tangu 1896. Umwandikie hivi:

Mwanangu, usitafute bunduki kubwa ya kujionyesha. Mwenye kuanza anatosheka na kalibre .22: masasi yake ni bei ya chini, na haisukumi bega kwa nguvu. Pima kitako, kikiwa kirefu kupita mkono wako, hautalenga sawasawa. Mbele ya yote, nunua vifuniko vya masikio na miwani. Baba yako alitoboa mawe kwa mashini, unajua: masikio ikikufa hairudi. Unawe mikono mbele ya kula, maana masasi iko na vumbi ya madini ya risasi. Kila bunduki uihesabu kuwa na masasi ndani, hata kama uliitoa mwenyewe. Nyumbani uifunge na ufunguo.

Mama, akikubali hayo yote, umubariki. Akiyacheka, angoje kwanza.