Nasaba za Waswahili wa Bujumbura: kumbukumbu iliyokatikia ng'ambo ya Ziwa

Katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, swali la asili ya mtu hujibiwa haraka, kisha maelezo hukoma. Babu alitoka Ujiji. Bibi alikuwa Mmanyema. Mzee alikuja na Wabelgiji. Zaidi ya hapo, familia nyingi hazina jina la kijiji, jina la baba wa babu, wala mwaka wa safari.

Kwa Waswahili wa Burundi, pengo hilo lina uzito kuliko udadisi wa kawaida wa ukoo. Linagusa uraia, linagusa nafasi ya jamii hiyo katika nchi ambayo siasa zake zimejengwa juu ya makabila, na linagusa siri ambazo wazee wengi waliona ni heri wazikwe nazo.

Kwa nini basi kumbukumbu hiyo imekatika, na je, inaweza kuungwa tena?

Safari tatu zilizoujenga mji

Wahenga wa Waswahili wa Bujumbura hawakufika kwa mkupuo mmoja. Historia inaonyesha angalau mawimbi matatu.

La kwanza ni la biashara ya misafara. Katikati ya karne ya 19, Ujiji ilikuwa bandari kuu ya Ziwa Tanganyika, kituo cha pembe za ndovu na watumwa waliotoka Maniema, huko Nyangwe na Kasongo, wakielekea Tabora na pwani. Wafanyabiashara wa Ujiji, akiwemo Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walitaka kuingia Burundi, lakini majeshi ya Mfalme Mwezi Gisabo yaliwazuia kupenya katikati ya nchi. Ndiyo maana hadi leo makazi ya zamani ya Waswahili yako kando ya ziwa: Nyanza-Lac, Rumonge na Bujumbura yenyewe.

Wimbi la pili lilikuja na Wajerumani, waliojenga kituo cha kijeshi Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, mwishoni mwa karne ya 19. Askari, wapagazi, wakalimani na wachuuzi waliandamana nao, na Kiswahili kikawa lugha ya boma.

Wimbi la tatu lilifuata baada ya Wabelgiji kuuteka mji mwaka 1916. Mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji, na watu wakavuka mpaka kutafuta kazi za uaskari, ukarani, ufundi na bandari.

Wakoloni waliwaweka Waswahili hao nje ya mamlaka ya machifu wa Kirundi, katika mitaa ya Waafrika wa mjini. Uamuzi huo wa kiutawala ulizaa fikra iliyodumu: kwamba Mswahili ni mtu wa mji, asiye na kilima wala chifu, na kwa hiyo asiye na asili katika nchi. Kwa Mrundi, kilima alichozaliwa ndicho anwani ya ukoo wake. Mtu wa Buyenzi hutaja barabara, tena barabara yenye namba badala ya jina.

Jina linalofichua na kuficha

Wengi walioitwa Wamanyema walikuwa na majina ya makabila yao: Wabwari, Wagoma, Wabembe, Wamasanze, Waholoholo, Wakusu, Wabangubangu. Baadhi walikuwa wafanyabiashara au mafundi huru. Wengine walikamatwa vitani au kuuzwa wakati wa njaa. Walipofika Ujiji wakasilimu, wakapewa majina mapya na kujifunza Kiswahili. Katika kizazi kimoja au viwili wakajiita waungwana.

Neno hilo ndilo lililofunga mlango. Kuwa mwungwana kulimaanisha kutoulizwa asili. Mzee aliyejua kwamba mama yake aliletwa akiwa amefungwa kamba hakuwa na sababu ya kumsimulia mjukuu, ambaye kesho angechekwa mtaani au kukataliwa posa. Ukimya huo ulikuwa kinga, na uliwafaa waliouchagua. Wanaolipa gharama yake ni vitukuu.

Majina yenyewe hata hivyo hubeba dalili. Katika ulimwengu wa Waswahili, Mabruki, Feruzi na Almasi yalikuwa miongoni mwa majina waliyopewa sana watumwa, ingawa si kila mwenye jina hilo alikuwa na historia hiyo. Mpangilio wa Kiislamu wa fulani bin fulani huhifadhi vizazi viwili au vitatu. Lakini pale babu wa kwanza alipobadilishiwa jina, mnyororo hukatika hapo hapo.

Mfano wa Australia

Tofauti huonekana wazi ukilinganisha na watu wengine waliohamishwa katika karne hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Wengi wao walikuwa maskini waliohukumiwa kwa wizi. Kwa miaka mingi familia zao nazo zilificha asili hiyo kwa aibu.

Hata hivyo, leo kitukuu wa mfungwa aliyeko Sydney anaweza kupata jina la mhenga wake, kosa lake, mahakama iliyomhukumu, meli iliyombeba na tarehe ya kutia nanga. Akirudi nyuma upande wa Uingereza, atakuta usajili wa vizazi na vifo ulioanza mwaka 1837, na kabla ya hapo vitabu vya ubatizo vya parokia. Aibu ilipokwisha, karatasi zilikuwa zikingali zipo.

Watu wa Australia hawakuwapenda wazee wao kuliko watu wa Buyenzi. Dola iliyowahamisha wafungwa iliwaandika mmoja mmoja kwa sababu ilitaka kuwadhibiti mmoja mmoja. Misafara ya Maniema ilihesabu pembe na mizigo. Hata Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, aliyeacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, aliandika hasa juu ya vita, biashara na wakubwa aliokutana nao. Maelfu ya waliobeba mizigo yake hawakuachiwa majina.

Karatasi ziko wapi?

Hiyo haimaanishi kwamba hakuna kilichobaki. Wajerumani walitoa barua za uhuru kwa maelfu ya watumwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sehemu ya kumbukumbu za utawala wao imehifadhiwa Dar es Salaam na Berlin. Kumbukumbu za Wabelgiji ziko Brussels. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, wana hifadhi yao mjini Roma, lakini vitabu vyao vya ubatizo vinawasaidia zaidi wenye wahenga Wakristo.

Kwa Mwislamu wa Buyenzi au Rumonge, vikwazo ni viwili. Kwanza, karatasi hizo zimeandikwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na ziko mbali na mfuko wake. Pili, hata akizifikia, hutafutwa kwa jina, na jina la kabla ya Ujiji ndilo hasa asilolijua.

Vipimo vya vinasaba, ambavyo baadhi ya vijana walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wameanza kuvitumia, vinaweza kuonyesha jamaa wa karibu au eneo pana la asili. Lakini sampuli za watu wa mashariki mwa Kongo katika hifadhidata hizo ni chache. Jibu la "Afrika ya Kati" halimwambii mtu ni kijiji gani.

Nasaba na uraia

Suala hili huwa zito zaidi mbele ya dawati la serikali. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 humtambua kuwa Mrundi wa kuzaliwa mtoto wa baba Mrundi. Katiba inasema watoto wa wanaume na wa wanawake wa Kirundi wana haki sawa, ila sheria hiyo bado imempa baba uzito. Kwa hiyo mtu ambaye babu yake alitoka ng'ambo na hakuacha hati anaweza kujikuta akidaiwa ushahidi ambao jirani yake hadaiwi.

Mfano mchungu ni wa familia zenye asili ya Oman. Kwa miaka kadhaa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, limewahesabu karibu watu 1,000 nchini Burundi kuwa hawana uraia wa nchi yoyote, wengi wao wakiwa wa asili hiyo. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alifungua milango kwa Waomani wa Afrika Mashariki, na wengi walirejea, wakiwemo waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo. Waliobaki Bujumbura bila hati wamekwama katikati: wanajua kabila na ukoo wao, lakini hawana karatasi ya kuwafungulia mlango wa Muscat wala wa Bujumbura.

Kisha kuna siasa. Katiba ya 2005, iliyofuata Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, iligawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, pamoja na viti vitatu vya Watwa. Mpango huo ulisaidia kutuliza vita, lakini hauna fungu la Waswahili. Anayetaka uongozi hulazimika kujitambulisha kwa moja ya majina hayo, hata kama wazee wake walitoka Kasongo.

Kinachowezekana sasa

Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo tangu mwaka 2018 muda wa uchunguzi wake umerudishwa nyuma hadi 1885, ingeweza kuwa mahali pa kusikiliza historia hii. Mwaka huo wa 1885 unaangukia katika zama za misafara. Hata hivyo, kazi yake imeelemea mauaji ya 1972, jambo linaloeleweka kwa ukubwa wa msiba ule.

Wakati huo huo, kazi kubwa iko majumbani. Watafiti wa historia simulizi hushauri maswali madogo yanayojibika: mzee alivuka ziwa kwa chombo gani, aliishi mtaa gani Ujiji, alimfanyia nani kazi, alifuata tarika gani, mashahidi wa ndoa yake walikuwa akina nani, amezikwa wapi. Hati ya kiwanja au kitabu cha zamani cha utambulisho vinaweza kuwa na neno moja la asili ambalo familia ililisahau. Karatasi hizo zinaweza kupotea kwa siku moja, kama wakazi wa Gatumba walivyoona mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020.

Waliozaliwa enzi za Wabelgiji, ambao huenda waliwasikia kwa masikio yao waliovuka ziwa, sasa ni wazee wachache. Serikali inaweza kurekebisha sheria ya uraia mwaka wowote, na hifadhi za Brussels na Berlin zitaendelea kuwepo. Wazee hao hawatangoja.