Wakili aliyepangwa na Mahakama ni wa nani?

Kijana akishtakiwa kwa mauaji, nyumba nzima hugeuka. Mama hulala na simu mkononi, baba huanza kupiga hesabu ya kiwanja, wajomba huja na majina ya mawakili ambao ada yao ikitajwa watu hubaki kutazamana. Siku ya Mahakama Kuu inapofika, familia inakuta kijana tayari ana wakili. Hakuna ndugu aliyemtafuta wala kumlipa, na jina lake ni geni kwa wote. Hapo ndipo maneno yanapoanza: "Huyo si wa bure? Atafanya nini?"

Kwa Tanzania, wakili huyo yupo kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa jaji au hakimu anayesikiliza kesi ya jinai uwezo wa kuelekeza mshtakiwa apewe msaada huo, pale haki inapohitaji hivyo na mshtakiwa hana uwezo wa kulipa. Kosa la mauaji halina dhamana na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, hivyo si jambo la mtu kujitetea peke yake. Anayepangwa kwa kawaida ni wakili wa kujitegemea, mwenye ofisi yake mjini na wateja wake wengine wanaomlipa.

Familia nyingi humwita "wakili wa Serikali" kwa sababu Serikali ndiyo inayomlipa. Jina hilo ni la hatari. Wakili wa Serikali ni yule wa upande wa pili, anayeendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri. Mzazi aliyefika mahakamani akauliza "wakili wa Serikali yuko wapi?" ataelekezwa kwake bila mtu kumdanganya, na anaweza kumwaga mambo yote ya nyumbani mbele ya anayetafuta mwanawe atiwe hatiani. La kuuliza kwa karani ni "wakili wa utetezi" katika kesi namba fulani, basi.

Jambo jingine linalovunja imani ni salamu. Mzazi anawaona mawakili wa pande mbili wakicheka koridoni, wakiitana "msomi", na anaondoka na uhakika kwamba kesi imeshauzwa. Wanasheria wa mji mmoja hukutana kila wiki, na wengine walisoma darasa moja. Wakigombana koridoni haimsaidii mtu aliyeko kizimbani. Cha kuangalia ni anachokifanya wakili wakati shahidi anatoa ushahidi.

Wakili huyo ni wa kijana. Hata baba akiuza ng'ombe na kumlipa mwingine, huyo naye atakuwa wa kijana. Wazazi wengi hawalipendi hili, hasa waliozoea kwamba mwenye kulipa ada ya shule ndiye anayeonyeshwa ripoti. Aliyoambiwa na mteja wake ni siri, na mama mzazi si sehemu ya siri hiyo.

"Wakili, mwanangu kakwambia nini?"

"Mama, hayo ni ya kwangu na yeye. Wewe niambie unayoyajua wewe."

Jibu hilo linauma, lakini ni jibu la wakili anayejua kazi yake. Na nusu yake ya pili ndiyo yenye faida, kwa kuwa udhaifu mkubwa wa wakili wa kupangwa ni muda. Anaweza kupewa jalada tarehe ikiwa imekaribia, kijana yuko mahabusu, mashahidi wa utetezi wako kijijini, na hakuna wa kumlipia nauli akawatafute. Mzazi anaijua njia ya huko.

Mfano mzuri ni saa ya kukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Kesi nyingi za mauaji husimama juu ya maelezo ya onyo, yaani yale maandishi ambayo kijana anadaiwa kukiri kituoni. Kama alichukuliwa nyumbani alfajiri na maelezo yanaonyesha yaliandikwa jioni, wakili ana swali la kuuliza. Nani anaijua saa ile? Mara nyingi ni mama aliyefungua mlango. Alimuona mwanawe akitoka mzima, na pengine alimkuta siku ya pili amevimba. Hayo yanatakiwa yamfikie wakili kabla maelezo hayajapokelewa mahakamani kuwa kielelezo, maana pingamizi huwekwa hapo, na likiwekwa jaji huendesha kesi ndogo ndani ya kesi ili kujua kama maelezo yalitolewa kwa hiari. Kulia baada ya hapo ni kuchelewa.

Halafu kuna utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio. Kijana alikuwa msibani Korogwe, au alilala kwa shangazi, na familia nzima inajua. Basi inakaa na habari hiyo ikingoja "siku yetu ya kusema". Sheria inataka Mahakama na upande wa mashtaka wapewe taarifa ya utetezi huo mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Taarifa isipotolewa, Mahakama ina hiari ya kutoupa uzito wowote. Shangazi anaweza kuwa mkweli kabisa na maneno yake yasihesabiwe.

Umri nao ni karata ya mzazi. Mtu aliyekuwa hajatimiza miaka 18 wakati kosa linatendeka hawezi kupewa adhabu ya kifo. Polisi wanaweza kuandika umri kwa kukadiria, na kijana mwenyewe kwa hofu au kwa kutojua akataja miaka 19. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo kilichofungwa kwenye kanga chini ya kitanda kinaweza kuwa karatasi yenye thamani kuliko zote katika jalada hilo. Wakili apewe nakala, halisi ibaki nyumbani hadi atakapoihitaji.

Yote haya yaandikwe kwenye ukurasa mmoja: tarehe, saa, majina ya walioshuhudia na namba zao za simu. Wakili anayepewa ukurasa mmoja ataufanyia kazi. Anayepigiwa simu na ndugu kumi, kila mmoja na hadithi yake, ataacha kupokea. Familia ichague msemaji mmoja, hata kama baba mkubwa atakasirika.

Mzazi ambaye huenda akawa shahidi wa utetezi amwambie wakili mapema, na aulize kama aingie ndani siku za ushahidi. Shahidi hutakiwa kukaa nje wengine wanapotoa ushahidi wao. Mama aliyekaa benchi la mbele kila siku kwa mapenzi ya mwanawe anaweza kukuta ushahidi wake umepungua uzito kwa sababu ameshasikia kila kitu. Vivyo hivyo gerezani. Mazungumzo ya ndugu na mahabusu hayana kinga aliyonayo wakili, na askari yupo karibu. Huko azungumziwe dawa, sabuni na habari za wadogo zake.

Kipo kikao kimoja ambacho familia hukidharau kwa sababu huisha haraka: usikilizwaji wa awali. Hapo huandikwa mambo yasiyobishaniwa, kijana husomewa, na yeye na wakili wake huweka saini. Jambo lililokubaliwa hapo huhesabiwa kuwa limethibitishwa. Kijana aende akijua kwamba asipoelewa kitu anaruhusiwa kusema sijaelewa, hata mbele ya jaji. Mzazi anaweza kumwambia hilo gerezani bila kugusa kesi yenyewe.

Wakati mwingine upande wa Jamhuri hukubali kijana akiri kuua bila kukusudia, na shtaka la mauaji liondoke. Wakili hulipeleka kwa mteja wake, na hapo familia hugawanyika. Baba anasema mwanangu hakuua, asikiri kitu. Mama anataka chochote kinachoondoa kitanzi. Wote wawili wanaweza kumuuliza wakili maana ya kila njia, lakini anayesimama kizimbani ndiye anayeamua. Kijana aliyekiri kwa sababu ya machozi ya mama, au aliyekataa kwa kumwogopa baba, ataishi na uamuzi ambao haukuwa wake.

Je, anaweza kubadilishiwa wakili? Anaweza kuomba. Ombi ni la kijana mwenyewe, alitamke mbele ya jaji au aandike kwa Naibu Msajili kupitia ofisi ya gereza, na atoe sababu. "Ni kijana mno", "haongei sana" au "hajatuahidi ushindi" hazitamfikisha mbali, na ukweli ni kwamba wakili anayeahidi ushindi ndiye wa kuogopwa. Sababu yenye uzito ni kama hii: kesi inaanza na wakili hajawahi kukaa na mteja wake hata mara moja. Au washtakiwa wawili wanaotupiana lawama wamepewa wakili mmoja, ambaye hawezi kumtetea huyu bila kumzamisha yule. Au wakili ana uhusiano na familia ya marehemu. Au ameomba pesa kwa familia, iwe ya nauli au ya "kulainisha", wakati msaada huo ni wa bure.

Kabla ya hapo ni vyema kijana amwambie wakili wazi kinachomsumbua. Wengine hurekebika kwa mazungumzo ya dakika kumi. Mahakama haina wajibu wa kumpa mshtakiwa wakili anayemtaka kwa jina, na kubadilisha katikati ya ushahidi kunaweza kuahirisha kesi na kurefusha kukaa mahabusu. Ombi likiwa lazima, liletwe mwanzoni.

Familia inayoamua kuweka wakili wake ihakikishe kwanza kwamba ni wakili kweli, kwa kuwa vishoka wamejaa karibu na mahakama. Orodha ya mawakili ya Mahakama inapatikana mtandaoni. Makubaliano yaandikwe, yakitaja ada inafika hadi hatua gani. Kiwanja kikiuzwa na fedha ikaishia kwa shahidi wa tatu, wakili anaweza kuomba kujitoa, na wa kwanza keshaondoka. Aliyepangwa na Mahakama asiachwe hadi mpya awe amejitambulisha mbele ya jaji.

Hukumu ikiwa mbaya, taarifa ya kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30. Mfungwa huiwasilisha kupitia mkuu wa gereza, haina haja ya kusubiri nakala ya hukumu wala wakili mpya. Huko Rufani nako mtu wa kesi ya mauaji asiye na uwezo hupangiwa wakili, na mara nyingi huwa mwingine kabisa, asiyejua chochote kuhusu ile saa ya alfajiri. Ukurasa ule mmoja utunzwe.